Mwenda Jean Bosco: Gitaa Moja katika Mji wa Mitambo

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Likasi, mji wa shaba katika jimbo la Haut-Katanga, nchi ya Kongo. Wazee wanaukumbuka kwa jina la Jadotville, ambalo Wabelgiji waliupa mwaka 1931 kwa kumheshimu Jean Jadot, mkubwa mmoja wa migodi na reli. Ulimwengu uliujua mji huo kwa mambo matatu: shaba, urani na vita. Shaba yake ilisafirishwa mpaka Ulaya. Urani ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na mji, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Vita ni ile ya Septemba 1961, wakati askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walipozingirwa mjini hata wakaishiwa na maji na risasi, wakajitoa mikononi mwa adui zao.

Lakini liko jambo la nne, nalo ndilo tunalotaka kulieleza hapa. Halikumtajirisha mwenye migodi wala halikumwaga damu ya mtu. Katika barabara za mji huo alipatikana kijana mwenye gitaa, na wimbo wake mmoja ukaenda mbali kuliko watu wengi wa mji ule walivyopata kwenda. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco. Twaona yafaa kusimulia maisha yake, maana watu wanaotaja shaba ya Likasi ni wengi, na wanaomtaja Mwenda ni wachache.

Mji uliozaliwa katika kelele

Kwanza hapana budi kuujua mji wenyewe. Kampuni iitwayo Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea mpaka Kambove mwaka 1913. Pale Panda, upande mmoja wa Likasi, yaliwekwa mitambo ya kusaga mawe na kuchambua shaba. Pale Shituru, tangu mwaka 1929, kilisimama kiwanda kikubwa cha kuisafisha shaba kwa nguvu za umeme.

Watu waliletwa kutoka kila upande: Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na vijiji vya Katanga yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaacha wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao na watoto wao, badala ya kuwarudisha makwao kila baada ya muda mfupi. Hivyo wakazaliwa watoto ambao kwao ni mjini. Na kwa kuwa wazazi walitoka katika makabila mengi, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko, na mwisho ya nyumbani.

Mtoto wa mji kama huo hakulelewa katika kimya. Mawe yalisagwa mchana na usiku, magari ya moshi yalipita na mabehewa yake, na king'ora kiliwatoa watu kitandani hata kabla jogoo hajawika. Mtu alirudi jioni masikio yakiwa bado yanavuma. Kelele hizo hazikuwa na bwana katika wale waliozisikia. Mfanyakazi hakuweza kuzianzisha wala kuzinyamazisha, bali zenyewe ndizo zilizompangia saa ya kula na saa ya kulala.

Waliotaka kufanya kelele kuwa muziki

Katika miaka hiyohiyo, mbali sana na Katanga, walikuwapo watu waliozipenda kelele za mitambo hata wakataka kuzifanya muziki. Mwaka 1913 Mwitalia Luigi Russolo, aliyekuwa mchora picha, aliandika kwamba vinanda na zeze havitoshi tena kwa watu wa zama za mashine. Akajenga masanduku yenye pembe za kupazia sauti, ambayo mtu akizungusha mkono wake hutoa ngurumo, mikwaruzo na miungurumo. Mwaka 1914 aliyapiga mbele ya watu mjini Milano, na watazamaji wakazomea mpaka zikazuka ngumi.

Mwaka 1944, mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alinasa sauti za ngoma ya kupunga pepo katika chombo kilichoandika sauti juu ya waya, kisha akazigeuza kwa mitambo ya redio mpaka zikawa sauti nyingine kabisa. Mwaka 1948, mjini Paris, Pierre Schaeffer alinasa sauti za magari ya moshi stesheni, akazipanga zikawa kipande cha muziki. Na mwaka 1976 kikundi cha Uingereza kiitwacho Throbbing Gristle kilianzisha kampuni yake ya santuri, kikaiita Industrial Records, maana yake santuri za viwanda. Kutoka hapo likapatikana jina la aina nzima ya muziki, wa makelele ya umeme na vyuma.

Twawataja watu hao bila dharau. Walikuwa wavumbuzi, na wavumbuzi huchekwa kwanza. Lakini swali latujia. Kama kelele za kiwanda ndizo muziki wa zama mpya, mbona kijana wa Jadotville, aliyekuwa karibu nazo kuliko Russolo na Schaeffer, hakuzitafuta? Mbona alichukua gitaa la mbao lisilo na umeme, akalipiga kwa vidole viwili? Tuyatazame maisha yake kwanza, kisha tutarudi kwenye swali hilo.

Mtoto wa Bayeke

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Msomaji wa Tanzania na asilisahau jina hilo. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Garenganze, ambaye watu wake walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa kwa biashara ya shaba na pembe, wakakaa Katanga, wakaitwa Bayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati msafara wa Kapteni Stairs ulipokuja kudai nchi kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina la Mwenda ni mojawapo ya majina ya Msiri mwenyewe, na watawala wa Bunkeya waliomfuata wamelishika mpaka leo.

Jina lake la pili ni la Mtakatifu Yohane Bosco wa Turin, ambaye wanawe katika utawa, Wasalesiani, walifika Elisabethville mwaka 1911. Basi katika majina mawili ya mtu mmoja twaona njia mbili zilizokutana Katanga: ile ya misafara iliyotoka mashariki, na ile ya misioni iliyotoka Ulaya. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru wananchi waache majina ya Kizungu, naye akajulikana zaidi kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Kijana huyo alipata masomo, akawa mtu wa kalamu na ofisi, si mtu wa sururu. Lakini alikaa katika mji wa sururu, na jioni alipiga gitaa kama vijana wengi wa wakati ule. Gitaa lilikuwa limeingia Kongo kwa njia ya bandari, reli na maduka, na kwa mfanyakazi mwenye mshahara lilikuwa moja ya alama za ujana wa mjini.

Sauti yanaswa barabarani

Mwaka 1952 alifika Jadotville mtu aitwaye Hugh Tracey. Huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaishi kusini mwa Afrika, akatumia maisha yake kuzunguka nchi nyingi akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Mwaka 1954 alianzisha Afrika Kusini maktaba kubwa ya muziki wa Afrika, ambayo hata leo inatunza maelfu ya nyimbo.

Tracey alizipenda hasa ngoma za zamani. Aliogopa kwamba miji na redio zitaziua, na hakuwa peke yake katika hofu hiyo. Wakati ule watu wengi wenye elimu, Wazungu na Waafrika, walimwona mpiga gitaa wa barabarani kuwa mtu wa kuiga tu, aliyeacha mali ya babu zake bila kupata mali ya wenyewe. Wengine walisema waziwazi kwamba ni kelele za walevi.

Lakini aliposikia gitaa la Mwenda katika barabara ya Jadotville, Tracey alisimama akamnasa. Nyimbo kama Masanga, Bombalaka, Mama na Mwana na Tambala Moja zikaingia katika santuri. Masanga ilipewa tuzo la Osborn kuwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Mtu aliyekuja kuokoa mambo ya kale alitoka mjini akiwa amebeba jambo jipya kabisa, na hakuona haya kulisifu.

Kazi ya vidole viwili

Yafaa tueleze upya huo ulikuwa nini, maana sifa isiyoelezwa haimfundishi mtu.

Gitaa la Mwenda lilikuwa la nyuzi sita. Kwa mkono wa kuume alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilitembea juu ya nyuzi nene, likitoa sauti za chini. Shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba, kikitoa wimbo. Hapo hakuna ajabu bado. Ajabu ni kwamba vidole hivyo havikufuata hesabu moja. Kimoja chaweza kugawa wakati kwa mbili, na mwenzake akaugawa kwa tatu, na katikati yao sikio likasikia sauti ya tatu ambayo hakuna kidole kilichoipiga kwa makusudi. Msikilizaji asiyeona hudhani wako wapigaji wawili au watatu.

Yeyote aliyelelewa kijijini anajua jambo hilo bila kufundishwa. Wanawake watatu wakitwanga katika kinu kimoja, kila mmoja ana mchi wake na zamu yake, wala michi haigongani. Anayesikia kwa mbali husikia mwendo mmoja uliofungamana. Mwenda aliuweka mwendo wa namna hiyo katika mkono wa mtu mmoja. Gitaa lilikuwa la kigeni, lakini hesabu yake haikuwa ya kigeni.

Wataalamu walishughulika sana na mkono huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft, mwalimu wa muziki na lugha, aliandika makala akizipanga sauti za Mwenda moja moja katika maandishi ya muziki. Alionyesha kwamba Mwenda hakurudia wimbo vilevile kila mara, bali aliubadili papo hapo, akijua vema anakokwenda.

Maneno yake nayo yalikuwa ya mji. Aliimba zaidi kwa Kiswahili cha Katanga, kisemacho muke badala ya mke na tambala badala ya leso. Mtu wa pwani akikisikia huenda akatabasamu. Lakini ndicho Kiswahili kilichowaunganisha Waluba, Wabemba, Bayeke na wengine wengi katika kambi moja, na Mwenda hakukionea haya.

Kelele zenye kipimo

Sasa turudi kwenye swali letu. Hatudai kwamba Mwenda alikaa akawaza habari za Russolo na viwanda vya Ulaya. Twatazama kazi yake tu.

Watu wetu hawakuchukia kelele katika muziki. Mtengenezaji wa likembe hutia vipete vidogo vya chuma ili kila ufito ukipigwa uvume. Mtengenezaji wa marimba hutoboa kibuyu, akaziba tundu kwa utando mwembamba wa buibui ili sauti itoke na mtetemo. Na katika miji ya Katanga rafiki wa mpiga gitaa aliokota chupa tupu, akaigonga mpaka wimbo ukapata mifupa. Hizo zote ni kelele, nazo zilikuwapo kabla Mwitalia hajajenga sanduku lake. Tofauti ni kwamba zina kipimo. Fundi ndiye anayezitia, tena kwa kiasi anachotaka.

Mjini Kinshasa Mawangu Mingiedi alilionyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Alitengeneza vipaza sauti kwa sumaku za vyombo chakavu vya magari, akaunganisha likembe na umeme ili isikike juu ya makelele ya jiji, na mvumo mkali uliotokea akauacha uwe sehemu ya muziki wake. Mwaka 2004 santuri ya kundi lake, Konono No. 1, ilipotoka Ulaya, wapenzi wa muziki wa makelele ya umeme waliona kwamba mzee wa Kongo alikuwa amefika walikotaka kufika, kwa njia yake mwenyewe.

Basi Mwenda na Mingiedi, ijapokuwa mmoja alipiga kwa upole na mwingine kwa ngurumo, walifanya kazi moja. Kila mmoja alikaa katika mji unaomfanya mtu kuwa sehemu ndogo ya mtambo, akashika chombo ambacho yeye mwenyewe ni bwana wake. Mtu wa Milano aliweza kuitamani ngurumo ya kiwanda kwa sababu usiku alilala mahali penye utulivu. Mtu wa Jadotville alikuwa nayo bure tangu alfajiri. Alichokosa ni saa moja ambayo wakati wenyewe ulikuwa mali yake, augawe kwa mbili au kwa tatu kama apendavyo.

Nyimbo zasafiri

Santuri za Mwenda, zilizotolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, zilienea katika nchi nyingi. Mwaka 1959 aliitwa Nairobi. Huko alipiga katika redio, katika matangazo ya dawa ya Aspro, na vijana wa Kenya wakaweka masikio karibu na redio ili kujifunza mwendo wa vidole vyake. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alifanya kazi Nairobi. Wapigaji wengi wa gitaa wa Kenya wa miaka ile waliathiriwa na mtindo wa Katanga, na mpaka leo mtu mwenye sikio ataisikia alama yake.

Wakati huo kwao kulikuwa na misukosuko. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga, na kujitenga huko kulidumu mpaka Januari 1963. Baada ya hayo yote, mwaka 1969 Mwenda alisimama mbele ya watu katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari mpaka Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba, ili kujifunza gitaa kwa wazee wa mtindo huo, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka 1982 Mwenda alipiga Ujerumani, na mwaka 1988 alinasa tena nyimbo zake mjini Cape Town.

Mkate wa kila siku

Msomaji asidhani kwamba sifa hizo zilimjazia ghala. Mwenda alifanya kazi ya benki, akafanya kazi katika kampuni ya migodi, akashika kazi ya utawala Jadotville. Baadaye, alipokaa Lubumbashi, alisimamia bendi ya Super Shaba, tena alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Gitaa lilimpa jina. Chakula kilitoka mahali pengine.

Wengine watasema ni aibu kwa mtu mkubwa kama yeye kuhangaika hivyo. Sisi twaona mambo mawili. Kwanza, ni kweli kwamba wimbo wake ulizunguka dunia kwa wepesi kuliko fedha ilivyomrudia, na hilo si la Mwenda peke yake. Shaba ya Katanga nayo ilizunguka dunia vivyo hivyo, na kilichorudi mikononi mwa waliochimba kilikuwa kidogo. Pili, kazi ya ofisi haikumwondolea ufundi. Watu waliomtembelea katika uzee wake walimkuta bado ni fundi, tena mwalimu mvumilivu.

Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.

La kukumbuka

Leo Likasi si mji ule wa zamani. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 ikawa Gécamines. Gécamines nayo ilianguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na familia nyingi zilizotegemea mshahara wake zikaanza kuhangaika. Mitambo iliyoonekana kuwa haitanyamaza kamwe, mingi ilinyamaza. Lakini Masanga ingali inapigwa. Kijana wa Nairobi au wa Berlin akitaka kujua gitaa la Afrika lilianzia wapi, huwekewa wimbo uliopigwa barabarani Jadotville mwaka 1952.

Hapo lipo fundisho kwa wazazi na walimu. Kijana wa mjini akishika chombo kipya, au akikusanya sauti ambazo masikio yetu hayajazizoea, tusiwe wepesi kusema kwamba amepotea. Tumwulize mambo mawili tu: je, yeye ni bwana wa sauti zake, au zamtawala? Je, anayo subira ya kujifunza mpaka vidole vyake vitii? Akiwa nayo, tumwache afanye kazi. Waliopita wakisema kwamba kijana wa Jadotville anapiga kelele tu, majina yao hatuyajui.